Ng'ombe Waliokwenda Mwanhuzi

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali mjini Bariadi, nikingoja kupimwa presha. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akatoa kikopo cha ugoro mfukoni. Alipokifungua, kabla hata hajatia kidole, harufu ilinifikia. Ulikuwa ugoro wa kusaga nyumbani, uliochanganywa na samli kidogo. Niliinuka nikahamia benchi la mbele. Binti yangu akaniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia ni jua tu. Hapakuwa na jua pale. Harufu ile kwangu ni ya mtu mmoja, na mtu huyo aliwahi kukaa uani kwetu siku nyingi mfululizo, akiwa mpole kuliko wageni wote tuliowahi kupokea, na mimi nikampenda.

Ninyi wa rika langu mliokulia pande hizi mnakumbuka miji yetu ilivyokuwa. Wetu ulikuwa nje kidogo ya Nkololo, umezungushiwa minyaa, zizi katikati, nyumba ya mama upande mmoja na vihenge vya mtama upande wa pili. Tulikuwa wanne tu: baba, mama, dada yangu Kabula aliyekuwa na miaka kama kumi na minne, na mimi niliyekuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele. Binamu yetu Shija alikuwa akija kuchunga, kwa kuwa baba hakuwa na mtoto wa kiume.

Baba aliitwa Masalu, na alikuwa mtu wa watu. Aliongoza kikundi cha ngoma. Kila mwaka pamba ikishauzwa, vikundi viwili viliwekwa uwanja mmoja, na watu waliachana na kimoja kukimbilia kingine kule mchezo ulikokolea. Baba alikuwa na sauti ya kuwavuta. Lakini kiongozi wa ngoma halishi wachezaji wake michembe mitupu ya viazi vikavu. Lazima fahali aanguke, lazima vitambaa vipya vifungwe viunoni, lazima ngoma ziwambwe upya. Sisi watoto tuliona nyama na vitambaa. Hatukuuliza vimetoka wapi, kama ambavyo mtoto haulizi mvua imetoka wapi.

Mara ya kwanza alikopa kwa jambo la heshima. Mdogo wake alikuwa akioa na mahari ikapungua, basi baba akaenda upande wa Ipililo kwa mfugaji mmoja aliyeitwa Mzee Ngusa, akapewa mitamba minne. Walikubaliana kwamba ikipita misimu mitatu ya pamba atarudisha minne hiyo pamoja na ndama wawili juu yake. Mama alilijua deni hilo na alilikubali. Yale yaliyofuata hakuyajua. Nilipokuwa mtu mzima aliniambia kwamba kilichomharibu baba hakikuwa uroho. "Baba yako akikopeshwa alirudi anatembea kama mtu aliyepewa zawadi," alisema. "Alidhani akiaminiwa na watu kumi, basi ana mali ya watu kumi."

Mzee Ngusa alikuja asubuhi moja ya kiangazi, misimu mitatu ikiwa imepita na pamba ya mwaka ule ikiwa imetoka mbaya. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la kijeshi lililopauka, na mkononi ana fimbo na kibuyu kidogo cha maji. Nilipiga magoti kumwamkia.

"Mwangaluka, guku," nikasema, maana kwetu babu yeyote ni guku.

"Mwangaluka, mayu," akajibu, akinipa heshima ya kuniita mama kama wazee walivyowaita watoto wa kike. "Baba yupo?"

Baba alitoka akiwa amekwisha kutabasamu. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za mvua, za wake na za mifugo. Mama akaleta maziwa ya mgando. Mzee Ngusa akayaangalia, akamshukuru, na hakuyagusa.

"Nimekuja kuwaangalia watoto wangu," alisema.

"Wapo, mzee. Ngoja mvua zinyeshe wapate nguvu ya kutembea. Ukiwachukua sasa watakufia njiani."

"Mvua," akasema Mzee Ngusa, kama mtu anayelionja neno. Aligeuka akalitazama zizi kwa muda. Akatazama vihenge, akatazama baiskeli ya baba iliyoegemezwa ukutani, akatazama jiwe la mama la kusagia. Kisha akaaga.

Siku mbili baadaye, alfajiri, Shija aliwatoa ng'ombe kumi na mmoja, akaacha mmoja mzee wa maziwa. Kati yao alikuwamo mtamba wangu. Aliitwa Nyanzala kwa kuwa alizaliwa msimu wa njaa, na baba alikuwa amenipa kwa mdomo, kama wazazi wanavyowapa watoto kitu ili wakipende. Nilimfuata hadi kwenye lango la minyaa nikilia.

"Usilie," baba aliniambia. "Wanakwenda Mwanhuzi kwa rafiki yangu, kufuata majani. Watarudi wamenenepa."

Mama alikuwa akifagia. Alisimamisha ufagio. "Majani gani ya Mwanhuzi, Baba Kabula? Mwanhuzi ni kukavu kuliko hapa."

"Mama Kabula, hilo niachie mimi."

Mama akaendelea kufagia, lakini alifagia mahali palepale pasipo na taka.

Baada ya hapo vitu vilianza kupungua. Baiskeli ikaingizwa ndani, halafu siku moja haikuwa ndani pia. Ngoma mbili kubwa zilibebwa na watu wakiwa wamezifunika mikeka. Hata koti la baba la sherehe sikuliona tena. Nilikuwa nimeshawahi kuona nyumba ikitolewa vitu namna ile: jirani yetu alipofariki, walitoa kila kitu uani kabla ya kumlaza. Nikaanza kuhesabu watu wa kwetu usiku kabla ya kulala, nikijiuliza ni nani kati yetu anayekwenda kufa na kwa nini hawataki kuniambia.

Mzee Ngusa alirudi mwezi uliofuata. Alisimama langoni akalitazama zizi tupu, na mbolea iliyokwisha kukauka. Baba alitoka, safari hii bila tabasamu, ameinamisha kichwa.

"Ugonjwa, mzee," alisema. "Umewamaliza. Hata wako. Nimebaki na huyo kikongwe mmoja."

Mimi nilikuwa nimebeba mtungi mtupu, nikauachia. Haukuvunjika, ulibingiria tu vumbini. Ndivyo nilivyopata habari kwamba Nyanzala amekufa.

Mzee Ngusa alichomeka fimbo ardhini. "Wote kumi na mmoja?"

"Wote."

"Hilo si jambo dogo, Masalu. Mtu aliyefiwa namna hiyo haachwi peke yake. Nitakaa nawe."

Akakaa. Alikuwa amefikia kwa binamu yake ng'ambo ya kijito, na kila asubuhi alikuja na kibuyu chake cha maji, akaketi kwenye gogo lililo karibu na lango la zizi, akakaa hadi jua liliposhuka. Hakupandisha sauti. Hakudai. Mama alimletea ugali, alishukuru na kuuacha ufunikwe na nzi. Baba alikaa naye mwanzoni, akizungumza habari hii na ile, akicheka peke yake. Siku ya nne aliacha kucheka. Siku ya sita alianza kuamka mapema na kuondoka kabla mzee hajafika, na mzee akawa anakaa na sisi, wanawake watatu, ambao hatukuweza kuondoka.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikuwa mtoto na sikuwa nimeusikia msemo huo, lakini nilichokiona ni matanga. Mwanaume anayekaa uani kimya, hali, hanywi cha mwenyeji, anatazama chini: nilijua ni mfiwa. Nikaona kwamba katika mji wetu wote ni yeye peke yake aliyekuwa akiwaomboleza ng'ombe wetu ipasavyo. Nilimhurumia. Nikawa naleta kazi zangu karibu na gogo lake, nichambue mboga pale, nicheze pale. Alinukia ugoro na samli.

Kabula alinivuta mkono siku moja nyuma ya nyumba, akanifinya.

"Usimkaribie yule."

"Kwa nini?"

"Anahesabu."

"Anahesabu nini?"

Kabula alitazama huku na huku. Alikuwa amekonda siku zile, na nilidhani ni kwa sababu ya kukua. "Kila kitu," alisema. "Na mimi pia ananihesabu, nadhani."

Sikumwelewa na sikumsikiliza. Siku hiyohiyo nilikuwa nimekaa miguuni pa mzee, nikamkumbuka Nyanzala, nikaanza kulia.

"Unalia nini, mayu?"

Nikamwambia. Nikamtajia jina lake, na doa jeupe la ubavuni, na jinsi alivyokuwa akinilamba kiganja kwa ajili ya chumvi. Nikamtajia na wengine wote kwa majina, kama mtu anavyowataja marehemu. Alisikiliza kwa makini sana. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza hivyo.

"Alifia mikononi mwako?" aliuliza.

"Hapana, guku. Alifia Mwanhuzi."

"Aa." Alichota ugoro kidogo. "Mwanhuzi. Alikwenda lini huko?"

"Wewe ulipokuja mara ya kwanza ukaondoka."

Hakuuliza tena. Alinifuta machozi kwa ncha ya koti lake, na tukakaa.

Baada ya wiki hivi, adhuhuri moja baba akiwa hayupo, Shija aliingia kwa uchochoro wa nyuma, amejaa vumbi hadi nyusi. Alikuwa amekuja kuchukua chumvi ya ng'ombe na unga wake. Mama alimpeleka ndani haraka. Mimi nilimngoja mlangoni, na alipotoka akanikonyeza.

"Nyanzala wako kazaa," alininong'oneza. "Dume."

Wasomaji wangu, nadhani mmekwisha kuona nilichokwenda kufanya. Sijui kama katika maisha yangu nimewahi kukimbia kwa furaha kama ile. Nilizunguka nyumba, nikaruka kinu, nikafika kwenye gogo nikiwa sina pumzi. Yule mzee alikuwa amekaa na huzuni yake siku zote zile, na mimi nilikuwa na dawa yake mdomoni.

"Guku, usilie tena," nilimwambia, ingawa hakuwahi kulia. "Hawakufa. Wapo wote. Shija amekuja. Nyanzala amezaa."

Aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu. Kilikuwa kizito na cha joto.

"Kazaa nini?"

"Dume."

"Mungu ni mwema," alisema.

Aliendelea kukaa. Hiyo ndiyo iliyonishangaza. Alikaa mchana wote, hata Shija alipokwisha kutoroka, hata jua lilipoanza kushuka, wakati ambao kwa kawaida alijikung'uta akaenda. Baba alipoingia langoni akidhani mgeni ameondoka, alimkuta pale. Mzee Ngusa akasimama.

"Masalu," alisema kwa sauti ileile ya kila siku. "Nimekungoja nikupe hongera. Wafu wako wamezaa."

Mama alikuwa mlangoni. Kabula alikuwa kinuni. Baba alinitazama. Nilisubiri anikasirikie, maana hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba nimefanya jambo, ila sikujua jambo gani. Hakukasirika. Uso wake ulilegea tu, kama turubai lililokatwa kamba, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi baba yangu atakavyokuwa akizeeka.

Mzee Ngusa alichukua fimbo yake akaenda moja kwa moja kwa mwanangwa, ambaye enzi zile ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji chini ya mtemi.

Habari ya uongo ina miguu kuliko uongo wenyewe. Siku ya tano, mwanangwa alipokuja kukaa baraza uani kwetu, hakuja na Mzee Ngusa peke yake. Watu walikuwa wanaingia langoni mmoja mmoja tangu asubuhi. Mama aliwapokea akidhani ni mashahidi. Kila aliyeketi alitaja alichokuja kudai. Mmoja fahali aliyechinjwa kwenye ngoma ya mwaka juzi. Mmoja ni mwenye ile baiskeli, haikuwa imelipwa hata nusu. Mtu wa duka kutoka Bariadi alidai vitambaa. Jirani yetu wa karibu kabisa, aliyekuwa akila kwetu, alidai ng'ombe wawili ambao mama hakuwahi kuwasikia. Baba alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, na kila walipomuuliza "Ni kweli?" alijibu, "Ni kweli."

Mama hakujua kusoma. Alikuwa amechuma vijiti vya ufagio, na kwa kila ng'ombe aliyetajwa alivunja kijiti akakiweka kwenye kanga mapajani. Nilikaa nyuma yake. Nilisikia vijiti vikivunjika, kah, kah, na kila kijiti nilidhani nimekivunja mimi.

Wa mwisho alikuwa mzee mfupi kutoka upande wa Maswa, aliyekuwa amekaa pembeni kwa adabu.

"Mimi nadai watatu," alisema. "Au sidai. Inategemea."

"Inategemea nini?" mwanangwa akauliza.

"Nilimpa Masalu watatu, mwanzo wa mahari. Kwa ajili ya kijana wangu. Binti akishakua kidogo tutamalizia."

Kinuni, mchi wa Kabula ulisimama.

"Binti yupi?" mama akauliza. Hakuwa ameruhusiwa kusema, ila alisema.

Yule mzee akaelekeza kidevu kwa Kabula. Hakukuwa na ubaya usoni pake. Alidhani mama anajua.

Mama alimgeukia baba. Sijui alitaka kumwambia nini. Baba hakuinua macho. Basi mama akajifunga kanga vizuri, vijiti vikiwa ndani, akamgeukia mwanangwa.

"Naomba kusema."

"Mama Kabula, mumeo yupo," mwanangwa alisema. "Ni baraza la wanaume."

Kulikuwa na minong'ono. Sauti iliyoikata ilikuwa ya Mzee Ngusa. "Mwacheni aseme. Mimi nimekaa kwenye mji huu siku kumi na tisa. Nimeona nani anaamka, nani anatoroka."

Mama alisema akiwa amesimama. Alisema ng'ombe wa Mwanhuzi warudishwe wote, wagawanywe hapahapa mbele ya macho ya watu. Alisema watatu wa kwanza wapewe yule mzee wa Maswa, leo, kabla ya mtu mwingine yeyote, na asikike akisema amepokea na hana tena neno na binti. Waliobaki wafuate. Alisema yule ng'ombe wa maziwa haguswi, kwa sababu watoto hawakukopa. Na mwisho akasema jambo lililowafanya wanaume waangalie chini kwa ajili ya baba.

"Mwanangwa, tangaza gulioni. Kuanzia leo mtu akimkopesha mume wangu hata kibiriti, mimi nisipokuwepo, ajue ametupa mali yake mtoni."

Baba alifunika uso kwa viganja.

Ng'ombe walirudi baada ya siku nne. Shija aliwaleta wamekonda hadi mbavu zikihesabika, maana Mwanhuzi kweli hakukuwa na majani. Watatu wakaenda Maswa. Mmoja akalipa fahali, mmoja akaenda na mwenye baiskeli pamoja na baiskeli yake, wawili kwa jirani. Wawili wakauzwa mnadani kumlipa mtu wa duka, na mmoja wa hao alikuwa Nyanzala na ndama wake. Sikuruhusiwa kwenda hadi langoni. Walibaki wawili, Mzee Ngusa akawachukua hao, akawa bado anadai wanne.

"Nitakulipa mmoja kila msimu wa pamba," mama alimwambia. "Kwa mikono yangu."

"Sawa," alisema. "Mimi nina miguu. Nitakuja."

Na alikuja. Hilo ndilo lililotutawala miaka ile. Pamba ilipofunguka tulianza kutazama njia. Mama alilima hadi mgongo ukakataa kunyooka, Kabula na mimi tukiwa mistari miwili nyuma yake, na fedha ya pamba ilipita mkononi mwake kwanza kabla ya kitu chochote. Kwetu hakikukopwa tena kitu, isipokuwa moto. "Moto unaweza kuuomba," alitufundisha, "kwa sababu ukiuchukua kwa jirani wa kwake haupungui." Chumvi ikiisha tulikula bila chumvi. Nguo zikichanika tulivaa viraka juu ya viraka, na watoto wenzetu walitutungia jina.

Baba hakunigusa kwa ajili ya yale niliyosema. Nilimngoja anichape, wiki hata wiki, na ingekuwa nafuu. Siku moja nilijitia ujasiri nikamwomba msamaha. Alikuwa akichonga mpini wa jembe. "Kosa lako nini?" aliniuliza. "Ulisema ng'ombe wako hai. Walikuwa hai." Akaendelea kuchonga. Lakini hakunitania tena, na nilipoingia alipokuwa akizungumza na mtu, aliacha kuzungumza.

Wala hakupona kwa mara moja. Msimu wa pili aliingia jioni moja amevaa shati jeupe jipya, lenye mikunjo ya dukani. Alikuwa anatembea ile tembea yake ya zamani. Tulikuwa tunakula. Mama aliweka tonge chini.

"Shati la nani?"

"Langu. Jamaa amenipa tu, Mama Kabula. Kasema nitampa nikipata. Shati, siyo ng'ombe."

Mama alinawa mikono. Alimwendea, akaanza kumfungua vifungo, kimoja kimoja, taratibu, kama anavyomvua mtoto aliyelala. Baba hakumzuia. Alibaki kifua wazi mbele yetu. Mama alilikunja shati kwa mikunjo yake ileile, na kesho yake alitembea nalo hadi Bariadi na kurudi, akiwa na mguu uliovimba. Tangu siku ile niliogopa kumwona baba akifurahi. Ni jambo baya kumfanyia mtoto, kumwogopesha furaha ya baba yake, na limenifuata. Mume wangu aliporudi nyumbani anapiga mluzi, mimi kwanza nilimwangalia mikononi.

Siku hizi wadai hawaji kukaa uani. Wanapiga simu, wanawapigia hata jamaa na majirani zako kukutangaza. Mjukuu wangu mmoja yamempata, na alipokuja kwangu kuficha uso nilimwambia ataje yote, mpaka la mwisho, la aibu zaidi ndilo aanze nalo. Alidhani nitamsema. Nilivunja vijiti tu.

Kabula aliolewa baada ya miaka sita na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mzee Ngusa alipokea ng'ombe wake wa nne, akaaga, na hatukumwona tena. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliacha ngoma. Alikuwa mkulima mkimya, wa pamba na choroko, na mama alikuwa akimpa fedha za tumbaku kila gulio, akizihesabu mbele yake, naye akizipokea kwa mikono miwili.

Alipofariki nilikuwa tayari nina watoto. Mnajua desturi: kabla jeneza halijateremshwa, mzungumzaji wa familia husimama akasema mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Watu walikuwa wengi, wamejaa hadi kwenye mihogo. Shija, mvi tupu, ndiye aliyesema maneno hayo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu nami, amezeeka, macho yake mabovu, na mkono wake ukanishika kifundo cha mkono. Nilihisi kucha zake. Tulingoja kama tulivyokuwa tukitazama njia zamani.

Mtu mmoja akainuka kule nyuma. Alikuwa mwanaume wa makamo, nisiyemjua, ameshika kofia.

"Samahani sana," alisema. "Nilimkopesha mbuzi. Mwaka jana, baada ya mavuno. Aliniambia mama asijue."

Watu wakajisogeza kwa aibu. Mama alimtafuta yule mtu kwa macho yake yasiyoona vizuri.

"Mbuzi wangapi?" aliuliza.

"Mmoja, mama."

"Mmoja tu? Miaka yote hii?"

"Mmoja tu."

Mkono wake ulilegea kwenye kifundo changu. Akamwagiza Shija aende bandani akachukue mbuzi jike, yule mweusi, ampe mwenyewe palepale.

"Basi alijitahidi," mama akasema. "Mteremsheni."